Barabara ikifungwa, usiulize itafunguliwa lini

Kila mabati ya mkandarasi yanaposimamishwa mbele ya fremu za watu, swali la kwanza ninaloulizwa ni hilo hilo: "Itafunguliwa lini?" Nimeshauri wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam tangu enzi za ujenzi wa mwendokasi Barabara ya Morogoro, na siku hizi swali hilo silijibu. Nauliza langu: ikifunguliwa, mteja wako atapita wapi?

Somo hili nililipata kwa kukosea, na aliyelipia kosa ni mtu mwingine. Ujenzi wa awamu ya kwanza, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, ulianza 2012, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Nilikuwa na mteja mwenye duka la vipuri vya magari. Nikamwambia avumilie, akope kidogo alipie pango, njia ikifunguka watu watarudi. Njia ikafunguka kweli. Katikati zikapita njia za mabasi, pa kuvukia pakahamia kituoni, na pale magari yalipozoea kuegesha pakawekwa ukingo wa zege. Wateja wake walikuwa watu wa kusimamisha gari, kushuka, kununua plagi na kuondoka. Hawakurudi, na mkopo niliomshauri achukue ukabaki shingoni mwake. Jirani yake mwenye genge, aliyekuwa karibu zaidi na kituo, alianza kuuza ndizi kuliko alivyowahi kuuza maishani. Barabara ni ile ile, vumbi walikula wote.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mkopo, matangazo au punguzo la bei, nataka tuuone mchoro wa barabara itakavyokuwa. Si siri. Mradi wa namna hii huwa na mhandisi mshauri anayemsimamia mkandarasi, ana ofisi yake, na mara nyingi pana mtu wa masuala ya jamii ambaye kazi yake ni kuongea na nyie. Pitieni serikali ya mtaa, ombeni kuoneshwa kipande chenu tu. Angalieni kituo kitakaa wapi, watu watavukia wapi, gari litageuzia wapi na kama pataachwa pa kuegesha. Hayo manne yanatosha kuamua kama unavumilia au unahama.

Halafu hesabu watu. Kaa mlangoni siku tatu, asubuhi, mchana na jioni, uandike kila anayenunua amefikaje: kwa miguu kutoka mitaa ya nyuma, ameshuka daladala, au amekuja na gari. Watu huniona nawachosha kwa daftari hili, lakini ndilo linalosema ukweli. Saluni ambayo wateja wake wengi wanatoka mitaa ya nyuma haina sababu ya kukimbia. Inahitaji kibao upande wa uchochoroni na namba za simu za wateja zilizoandikwa kabla mabati hayajafika. Duka la vipuri ni habari nyingine.

Kinachoua biashara nyingi ninazoziona ni tarehe. Mauzo yanaweza kushuka nusu na mtu akaishi. Ila pango na marejesho ya mkopo vina siku yake, na siku hiyo haijui kama kuna kifusi. Hapo ndipo mtu anakwenda kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, kulipa deni la benki, na kuanzia hapo mimi sina ushauri tena, nina pole tu. Nenda kwa aliyekukopesha kabla hujakosa rejesho hata moja, ukiwa na picha ya mabati na taarifa ya lipa namba yako ya miezi mitatu, uombe marejesho yapangwe upya. Asiyewahi kukosa husikilizwa tofauti na aliyekwisha kukimbia simu. Mwenye nyumba naye usimwendee na machozi. Mwombe aache kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, alipwe mwezi kwa mwezi mpaka kazi iishe. Anajua fremu iliyo nyuma ya mabati haimpati mpangaji mpya upesi.

Kuna na kodi ya serikali, ambayo wengi huilipa kwa makadirio yaliyofanywa wakati wa neema. Makadirio yanaweza kurekebishwa ndani ya mwaka mauzo yakianguka, lakini uwe na kumbukumbu za mauzo. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu analipa shilingi 100,000. Mwenye nazo analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mauzo yako yakishuka hadi milioni 4 na nusu, daftari linakufanya ulipe 15,000. Ni 85,000 zinazobaki dukani kwa sababu ya kalamu.

Fidia? Hapa huwa nawavunja watu moyo mapema. Kanuni za 2001 zinazotumika kutathmini fidia ya ardhi zinatambua hata faida inayopotea: faida halisi ya mwezi mara 36. Lakini hiyo ni ya aliyetwaliwa eneo. Wewe ambaye fremu yako imesimama salama, ila wateja hawaifikii, usipange maisha yako juu ya hela hiyo.

Unachoweza kudai ni njia ya kufika mlangoni na maji ya kutuliza vumbi, na hivyo hupatikana kwa barua moja ya maduka kumi kuliko kwa kelele za watu mia. Iandikwe kwa vipimo. "Tunateseka" haimwamshi mhandisi. "Tunaomba kivuko chenye upana wa mita mbili juu ya mtaro, mbele ya duka la dawa" inampa kazi ya asubuhi. Nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, na mtu asaini kupokea.

Mama lishe ndio huniuliza kuhusu vibarua wa mkandarasi. Ndiyo, wauzieni, wanakula vizuri. Ila mikopo ya chakula hadi siku ya mshahara muiwekee kikomo, kwa sababu kikosi kinaweza kuhamishiwa kipande kingine usiku mmoja na daftari lako likabaki na majina ya utani: Mrefu, Babu, Chuma.

Mmoja wao, muuza supu, alihesabu wateja wake akakuta zaidi ya nusu ni bodaboda. Kijiwe chao kilipohamia mtaa wa pili kukwepa mashimo, akabeba sufuria na mabenchi yake akawafuata. Barabara imeshafunguliwa. Yeye bado yuko kule.