Si kila nyota inayozeeka hupoa

Juzi nimeulizwa tena, ufukweni Shangani hapa Mtwara, na kijana anayeijua fizikia vizuri: "Mwalimu, nyota ikizeeka si inakuwa nyekundu na kupoa?" Nyingine ndiyo. Lakini zile nzito kweli zinaweza kuishia na joto kali kuliko zilivyoanza. Hizo ndizo Wolf-Rayet.

Kinachonikera hasa ni kuhesabu uzee wa nyota kwa miaka. Jua lina miaka bilioni 4.6 na bado linaunguza hidrojeni kwenye kiini. Wolf-Rayet ina miaka milioni chache tu, na hidrojeni ya kiini imeshakwisha, inaunguza heliamu. Nyota nzito huzaliwa na mafuta mengi, ila huyateketeza haraka mno. Kwa hiyo uliza kiini kimebakiwa na nini, miaka iache.

Tabaka la nje nalo limeondoka, kama korosho iliyobanguliwa, na mazao ya ndani yako wazi: heliamu na nitrojeni kwenye aina iitwayo WN, kaboni kwenye WC, oksijeni kwenye WO. Hizi WO ni adimu sana, na joto lake hufika nyuzi 200,000. Uso wa Jua ni 5,500.

Aprili, saa mbili usiku, mawingu yakiruhusu, tazama kusini kati ya Canopus na Msalaba wa Kusini. Gamma Velorum, Wolf-Rayet ya aina ya WC yenye nyota mwenza, iko hapo, umbali wa miaka ya nuru kama 1,100. Weka greti (kioo au filamu yenye mistari myembamba inayotenganisha rangi za mwanga) mbele ya kamera: kwenye utepe wa rangi yatatokea mabaka angavu ya kaboni, moja kwenye buluu, mengine kwenye njano. Mabaka ya namna hiyo ndiyo waliyoyaona wanaastronomia Charles Wolf na Georges Rayet jijini Paris mwaka 1867, kwenye nyota 3 za kundi la Cygnus. Ni mapana kwa sababu gesi inatukimbilia upande mmoja na kutukimbia upande wa pili, kilomita zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Ila sehemu kubwa ya mwanga unaouona kwa macho ni ya mwenzake, nyota ya O, yaani nyota nzito ya buluu yenye joto kali. Zinazungukana kwa siku 78.5.

Nani aliivua Wolf-Rayet lile tabaka la nje? Vitabu vinajibu haraka: upepo wake wenyewe, yaani gesi inayopuliza kutoka kwenye nyota. Mimi siridhiki. Vipimo vipya vimepunguza nguvu ya upepo wa nyota za O, na nyota nzito nyingi zina mwenza anayeweza kuzinyonya. Mwisho wake pia tunabishania: supanova (mlipuko mkubwa wa nyota), au kuporomoka kimya kuwa shimo jeusi.