Donge lililoziba mshipa wa ubongo: likichunguzwa, linasema nini?

Swali: Si kiharusi kinaletwa na presha? Donge la damu linaingiaje hapo?

Presha inachangia sana. Ila viharusi vingi hutokea pale donge linapoziba mshipa wa ubongo. Vilivyobaki ni vya mshipa kupasuka. Donge huweza kuanzia kwenye mshipa wa shingo uliojaa mafuta, au moyoni, hasa mapigo yakiwa hayana mpangilio au valvu zikiwa zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao Afrika Mashariki unawapata hata vijana.

Swali: Donge lenyewe linatolewaje?

Daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa kinena hadi kichwani, akalinasa kwa wavu mdogo wa waya au akalifyonza. Tafiti za mwaka 2015 ndizo zilizothibitisha tiba hii, na tangu hapo maabara zimepata madonge mengi ya wagonjwa walio hai.

Swali: Chini ya darubini kuna nini?

Kipande cha milimita chache hukatwa vipande vyembamba sana na kutiwa rangi. Hapo huonekana seli nyekundu, seli nyeupe, chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) na nyuzi za fibrini, protini inayolishikanisha donge. Lenye seli nyekundu nyingi huyeyushwa na dawa kwa urahisi zaidi. Lililosongamana fibrini na chembe sahani ni gumu. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walionyesha pia nyuzi za DNA zilizomwagwa na seli nyeupe. Dawa ya kuyeyusha donge hukata fibrini, haikati DNA, na hiyo huenda ni sababu mojawapo ya dawa kushindwa kwa baadhi ya wagonjwa.

Swali: Kwa hiyo chanzo kinajulikana moja kwa moja?

Mara chache. Wakikuta bakteria, huenda valvu ya moyo imeambukizwa, na hapo mgonjwa anahitaji antibiotiki kwa wiki kadhaa. Wakikuta seli za uvimbe, wanautafuta uvimbe. Lakini kutofautisha donge la moyoni na la shingoni kwa kuangalia seli tu, tafiti bado zinapingana. Madonge mengi ya viharusi visivyojulikana chanzo hufanana na ya moyoni, ila tusikimbilie dawa za kuzuia damu kuganda: katika utafiti mkubwa wa mwaka 2018 kwa wagonjwa wa aina hiyo, mojawapo ya dawa hizo, rivaroxaban, haikuishinda aspirini, na damu ilivuja zaidi.

Swali: Baba yetu alipata kiharusi lakini hakutolewa donge. Tufanyeje?

Mwulizeni daktari, "Donge lilitoka wapi?" Dawa za kuzuia kiharusi kingine zinategemea jibu hilo. Ultrasaundi ya moyo na ya mishipa ya shingo inasaidia sana. Kipimo cha umeme wa moyo kikitoka kizuri mara moja, msitosheke, kwa sababu mapigo mabovu huja na kupotea. Ombeni apimwe kwa saa 24 au zaidi.