Gari-nyumba si nyumba: mbwa, hifadhi na mizabibu ya California

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba umelala siku kumi na mbwa ndani ya gari moja: atakutazama mara mbili, kisha atakuuliza mbwa alilala upande gani. California swali hilo haliulizwi. Gari-nyumba, lile waitalo RV, lina kitanda, jiko, choo na friji, na mbwa ana kigodoro chake karibu na mlango. Safari inayopendwa huanzia San Francisco, hupita kwenye mizabibu ya Napa na Sonoma, halafu hugeukia mashariki hadi Hifadhi ya Taifa ya Yosemite. Makosa mengi njiani huzaliwa na neno "nyumba". Watu huliamini mno. Hizi hapa ni dhana zao, moja moja.

"Hifadhi ni pori, na pori ndiko mbwa atakakofurahi."

Angefurahi, ila haruhusiwi. Ndani ya Yosemite mbwa anakubaliwa kwenye barabara za lami, njia za baiskeli za bondeni na kambi nyingi. Karibu njia zote za kupanda milimani amekatazwa, na mabasi ya hifadhi hapandi. Kamba yake isizidi futi 6, kama mita 1.8, na hiyo ni kanuni ya hifadhi zote za taifa za Marekani. Kumfunga mtini mkaenda zenu kutazama maporomoko ni kosa pia.

Wengi hudhani sababu ni kinyesi. Kinyesi kimo, lakini hofu kubwa ni harufu. Mbwa akishapita, kulungu hunusa adui na huhama malisho. Kuna magonjwa ambayo mbwa wa nyumbani na jamaa zake wa porini huambukizana. Na puma, paka mkubwa wa porini, hatofautishi mbwa wako na windo lake la kila siku.

Msomaji aliyezoea hifadhi za kwetu, ambako mbwa wa mgeni hata getini hapiti, anaweza kuona masharti haya ni mepesi. Kinachomponza mgeni ni kudhani kwamba kila penye miti na kibao cha serikali pana kanuni ileile. Acadia, jimbo la Maine, ni hifadhi ya taifa vilevile, na mbwa aliyefungwa kamba anatembea kwenye maili zipatazo 100 za njia za miguu. Misitu ya taifa iko chini ya idara nyingine kabisa, nayo ina mkono mwepesi. Msitu wa Stanislaus umepakana na Yosemite, na humo mbwa anapanda mlima pamoja nawe. Ningekuwa napanga mimi, ningelala msituni na kuingia hifadhini mchana. Upande wa mizabibu, Bothe-Napa Valley karibu na Calistoga ni hifadhi ya jimbo: kambini mbwa anakaribishwa, njia za miguu hapana. Kwa hiyo usiulize "California inaruhusu?" Uliza ardhi hii ni ya nani.

"Tumwache ndani, kiyoyozi kinafanya kazi."

Hapa ndipo neno nyumba linapoweza kuua. Kambi za Yosemite hazina umeme wa kuchomeka gari, na jenereta haliruhusiwi kunguruma saa zote. Hata penye umeme, fyuzi ikikatika, kiyoyozi kinazima kimya kimya huku ninyi mko kilabu cha mvinyo umbali wa nusu saa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima gari dogo lililoegeshwa juani: ndani ya saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi, sehemu kubwa ikiwa katika nusu saa ya kwanza. Kufungua vioo kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Sheria ya California inakataza kumwacha mnyama ndani ya gari katika hali ya hatari, na tangu 2017 mpita njia anaweza kuvunja kioo amwokoe, mradi amekwisha kuwaarifu polisi au zimamoto na kutimiza masharti mengine.

"Zabibu ni tunda tu, tena la hapa hapa."

Kwa mbwa, zabibu mbichi au kavu zinaweza kuharibu figo. Hakuna kipimo cha kusema hiki ni salama: mmoja hula konzi nzima akapona, mwingine hula chache akaugua. Tangu 2021 madaktari wa mifugo wanaishuku asidi ya tartariki, ambayo zabibu inayo kwa wingi. Mavuno Napa ni kati ya Agosti na Oktoba, wakati zabibu zimedondoka chini ya kila mzabibu na makapi yamerundikwa nyuma ya viwanda vya mvinyo. Akila, msisubiri atapike. Mpeleke kwa daktari.

"Tuko nyumbani, tunywe."

Abiria aliyekaa sehemu ya kuishi ya gari-nyumba kweli anaruhusiwa kunywa gari likitembea, na watu wengi hawalijui hilo. Dereva hana ruhusa hiyo hata tone, na chupa iliyofunguliwa isikae mbele.

"Tutalala kwenye shamba lolote la mizabibu."

Kwa idhini tu. Harvest Hosts, mtandao wa uanachama ulioanza 2009, huwakutanisha wenye magari haya na mashamba yanayokubali wageni walale usiku mmoja. Gari liwe na choo na maji yake, na ustaarabu ni kununua chupa. Kuonja nako kuna utaratibu: viwanda vya Napa vilivyopata kibali baada ya sheria ya 1990 hupokea waonjaji kwa miadi. Mbwa huishia uani, wenye kiwanda wakikubali. Piga simu kwanza, na useme ukubwa wa mbwa na urefu wa gari pia, maana kuna viwanja vya maegesho ambavyo gari la futi 30 likiingia halitoki bila aibu.

Jambo moja ambalo halina dhana yoyote kwa sababu wageni hawajawahi kulisikia: nyasi kavu waitazo mkia wa mbweha. Zimejaa kando ya barabara kuanzia mwisho wa machipuko. Suke lake lina vimiba vinavyoelekea upande mmoja, hivyo likishaingia sikioni au katikati ya vidole huzidi kwenda mbele, halirudi. Mbwa akianza kutikisa kichwa ghafla au kulamba mguu mmoja bila kuacha, mkague hapo hapo kabla hamjawasha gari.