Chuma cha kifundoni si lazima kitolewe

"Mfupa ukishaunga, chuma kitolewe, kisije kikashika kutu." Waliovunjika kifundo cha mguu wamelisikia sana hilo. Bamba na skrubu zinazofungwa kushikilia mfupa uliovunjika ni za titani au chuma cha pua kilichotengenezwa kukaa mwilini, na nyingi huachwa humo maisha yote. Nyaya nyembamba za vidole, zile zinazochungulia nje ya ngozi, ndizo hutolewa baada ya wiki chache.

Matatizo ya kweli ni mengine: usaha, ganzi, skrubu kulegea au kukatika, mfupa kukataa kuunga (sigara na kisukari huchangia). Kifundoni nyama ni haba, kiatu husugua kichwa cha skrubu. Maumivu yakizidi, kuitoa kuna maana. Kidonda kikivuja au homa ikipanda, usingoje tarehe ya kliniki.