Je, wachora vibonzo vya siasa wanachekesha kweli?

Simama asubuhi kwenye meza ya magazeti pale mjini Tabora, utawaona wasomaji wa bure: mikono nyuma, shingo mbele, macho kwenye vichwa vya habari. Muuzaji ameshawazoea. Akitokea mmoja wa kununua, nakala hiyo moja huzunguka kijiwe kizima cha kahawa mpaka karatasi ilegee. Sasa ukurasa wenye kibonzo ukifunguliwa, ziangalie nyuso. Ni mara chache mtu anaangua kicheko. Anaguna, anatikisa kichwa, anasema "huyu kawasema leo," kisha anampa jirani yake.

Kama kazi ya kibonzo ni kuchekesha, mbona watu wanaguna?

Jibu langu ni kwamba vibonzo vingi vya siasa havichekeshi, na vile vinavyouma zaidi ndivyo vinavyochekesha kidogo kuliko vyote. Wachoraji hawakukosa kipaji. Wanafanya kazi nyingine kabisa, sisi ndio tunaoipima kwa mizani ya kicheko.

Kicheko kinataka kushtukizwa. Mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1790 kwamba mtu hucheka pale tarajio lililovutwa mpaka mwisho linapogeuka ghafla kuwa si kitu. Kibonzo cha siasa kinaanza na hasara hapo, kwa sababu habari yenyewe msomaji ameisikia redioni tangu jana. Waziri katenguliwa, sukari imepanda, fedha za mradi hazionekani: hakuna jipya. Tena mchoraji hana nafasi ya kukinoa kichekesho chake. Mchekeshaji wa jukwaani hukirudia kimoja mwezi mzima, akipunguza neno hapa na kuongeza pale, lakini wa gazeti anatakiwa kuwa amemaliza kabla gazeti halijaenda mtamboni, kichwa chake kiwe na kitu au kiwe kitupu. Kesho yake karatasi inafungiwa maandazi.

Kuna jambo zito zaidi. Nusu ya kibonzo haichorwi. Iko kichwani mwa msomaji. Mchukue Jonathan Shapiro wa Afrika Kusini, anayejulikana kwa jina la Zapiro. Kwa miaka alimchora Jacob Zuma akiwa na bomba la kuogea limeota kichwani. Mgeni asiyejua kisa ataona bomba tu na kujiuliza fundi yuko wapi. Anayejua atakumbuka mwaka 2006, Zuma alipokuwa mahakamani kwa shtaka la ubakaji, akaeleza kwamba baada ya tendo na mwanamke mwenye virusi vya ukimwi alioga ili kupunguza hatari ya kuambukizwa. Mahakama ilimwachia huru, lakini bomba halikuondoka. Liliendelea kuwa kichwani hata alipokuwa rais. Mara ya kwanza huenda watu walicheka. Mara ya mia, je? Hapo si kichekesho tena, ni alama.

Ndiyo maana vibonzo huchacha haraka. Zamani magazeti ya Dar es Salaam yaliposafiri kwa reli kuja huku, kilomita 840 hivi, kibonzo kilifika kikiwa kinajibu habari ya juzi. Leo simu imemaliza tatizo hilo. Kibonzo kinaingia kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya chai, mara nyingine mtu ameshafuta maneno ya mchoraji na kuweka yake. Na niseme kweli, maneno hayo ya mtaani mara nyingi huchekesha kuliko ya gazetini.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Ufaransa. Charles Philipon, mwenye gazeti la dhihaka jijini Paris, alishtakiwa mwaka 1831 kwa kumdhalilisha mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama akachora picha nne. Ya kwanza ilikuwa sura ya mfalme, mashavu mapana, kichwa chembamba juu. Ya pili mashavu yakazidi. Ya tatu zaidi. Ya nne ilikuwa tunda la peasi. Akawauliza: kama ya kwanza ni kosa kwa kuwa inamfanana, na ya pili ni kosa kwa kuwa inafanana na ya kwanza, basi mtazifunga peasi zote za Ufaransa? Walimfunga yeye, miezi 6, na faini juu. Lakini watu wakaanza kuchora peasi kwenye kuta za jiji. Mwenzake Honoré Daumier naye akatupwa gerezani mwaka 1832, kwa kumchora mfalme kama jitu linalomeza kodi za maskini.

Hapa ndipo kazi halisi inapoonekana. Kibonzo kikali kinampachika mtu jina, na likishagota halitoki. Watafiti Gillian Rhodes, Susan Brennan na Susan Carey walionesha mwaka 1987 kwamba watu huitambua sura ya mtu wanayemjua kwa haraka zaidi ikiwa imechorwa kwa kutiwa chumvi kuliko ikichorwa ilivyo. Pua ikirefushwa, macho yetu hayapotezwi, yanasaidiwa. Ule mguno wa kijiweni ni sauti ya mtu aliyetambua.

Je, sisi tuliwahi kucheka kweli kwa vibonzo? Sana. Ila tulijicheka wenyewe. Wazee wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na vituko vyake vya mitaani. Wakaja wa gazeti la Sani: Madenge, Lodi Lofa, Ndumilakuwili. Ujanja wa mjini, njaa, mapenzi, madeni. Uhuru lilikuwa gazeti la chama kinachotawala, kwa hiyo usingetegemea kumkuta kiongozi mkuu akidhihakiwa humo. Mwananchi ndiye aliyebeba mzigo wa kuchekesha. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 na magazeti binafsi kuzidi, kalamu zikainuka juu. Masoud Kipanya akamleta mnyama wake mdogo anayesema makubwa. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikwenda Nairobi kuchora katika Daily Nation na kuwa bingwa wa Afrika Mashariki. Uhuru Kenyatta na William Ruto, walipokuwa na kesi The Hague, aliwachora wakikokota tufe la chuma lililofungwa kwa mnyororo mguuni. Tena si kichekesho. Ni jina.

Kuinua kalamu kuna bei yake. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kusambazwa Tanzania. Serikali ilisema halikusajiliwa. Wengi walikumbuka kwamba siku chache nyuma Gado alikuwa amemchora Rais Kikwete kwa dhihaka.

Mnyamwezi huenda akauliza: dhihaka tu, hasira za nini? Hapa Unyamwezini tuna utani na Wazaramo, uliokomaa enzi za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakishuka na pembe mpaka Bagamoyo. Mtani anaweza kuja msibani akaziba njia ya kaburi mpaka apewe chochote, akamtukana marehemu kwa ubahili wake, na waliofiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Hakasiriki mtu. Lakini utani una sharti lake: anayetaniwa yupo, na zamu yake ya kujibu inakuja. Mchora vibonzo hana mtani. Anamrushia mkubwa aliye mbali, na mkubwa huyo hana kalamu ya kumjibu. Ana wakili, ana sheria ya magazeti, au ana simu ya mhariri. Ndiyo maana kile kile ambacho msibani kingekuwa kicheko, gazetini kinakuwa kesi.

Uingereza wanasiasa wamepata njia yao ya kulipa zamu. Wengi hununua mchoro halisi unaowakejeli na kuutundika ukutani, nyumbani au ofisini. Watu husifu: mwone, ana moyo mkubwa, anaweza kujicheka. Kwa mtani huo ni ushindi kwa pande zote mbili. Kwa mchora vibonzo wa siasa, nadhani ndiyo siku ya kurudi mezani na kuangalia mstari gani ulilegea.