Brashi ya manyoya ya beja: tazama ncha kabla ya jina

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati brashi za kunyolea ndevu. Mezani kwangu hupita za kila namna: zilizonyonyoka, zilizochomoka kwenye mpini, na mpya kabisa ambazo mwenyewe anataka kujua kama alichouziwa ndicho kilichoandikwa kwenye boksi. Hao wa mwisho ndio wanaonipa kazi ya kueleza, kwa sababu majina ya madaraja, “Pure”, “Best”, “Super” na “Silvertip” (yaani ncha za fedha), hayana kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wote. Kila kiwanda hupanga madaraja yake. “Best” ya huyu inaweza kuishinda “Super” ya yule kwa ulaini na kwa wingi wa manyoya, na wote wawili wakawa hawajadanganya.

Kwa hiyo achana na jina kwanza, tazama manyoya. Beja ni mnyama wa Ulaya na Asia, wa ukoo mmoja na nyegere, na sehemu kubwa ya manyoya ya brashi hutoka Uchina. Ukichomoa unywele mmoja ukauweka kwenye karatasi utaona shina la rangi ya krimu, ukanda mweusi, kisha ncha nyeupe. Umbo lake lina maana kuliko rangi. Ni mnene sehemu ya katikati, halafu unachongoka taratibu hadi nchani, mahali ambapo unakuwa mwembamba kiasi kwamba karibu hauonekani. Ule unene ndio unaoifanya brashi isimame na kusukuma povu. Ule wembamba ndio unaoifanya isichome usoni.

Sasa ukipitisha mkasi juu ya brashi ili ipate umbo zuri, umeziondoa ncha zote zenye thamani. Fundi makini halifanyi hilo. Huyapanga manyoya ncha zikiwa chini ndani ya kalibu iliyochimbwa kama kikombe, umbo la duara likajitengeneza lenyewe, ndipo anafunga uzi upande wa mashina na kutia gundi. Brashi iliyopitishwa mkasi utaijua hata umefumba macho: igandamize kidogo shavuni ikiwa kavu, nayo inachoma kote kwa usawa. Ukiwa na lenzi, ncha zake zinaonekana butu. Zipo pia zilizopaushwa ncha kwa dawa ili zifanane na daraja la juu. Hizo mwanzoni hupendeza, lakini unywele uliopaushwa hupungukiwa nguvu na hukatika upesi.

Jambo la pili ni wingi na urefu. Tenganisha manyoya kwa vidole gumba viwili hadi uone kitako. Kama gundi inaonekana waziwazi na manyoya yamesimama mbalimbali, hiyo haitabeba maji ya kutosha hata iwe na ncha za fedha. Kipenyo cha kitako kwa brashi nyingi ni kati ya milimita 20 na 26. Anayeanza namwelekeza kwenye 22 hadi 24, inatosha uso mzima bila kuziba pua. Manyoya yanayotokeza nje ya mpini yakiwa milimita 50 hivi, brashi ya ukubwa huo inakuwa na uwiano mzuri. Yakizidi sana inalegea na kulala. Yakipungua sana inakuwa ngumu. Mpini wa mbao, pembe au plastiki ni suala la mkono wako na macho yako tu, ila mbao isiyopakwa vanishi vizuri itapasuka kwa maji.

Watu huuliza kwa nini wasinunue ya nguruwe, ambayo ni rahisi zaidi. Wanunue, ni brashi nzuri. Tofauti ni kwamba unywele wa nguruwe unafyonza maji ndani yake, kwa hiyo lazima uloweke vizuri kabla ya kunyoa, na huchukua wiki kadhaa za matumizi kabla ncha hazijapasuka na kulainika. Beja hushika maji zaidi baina ya unywele na unywele, na iko tayari mapema. Brashi za nyuzi za viwandani nazo zimeendelea sana siku hizi: zinakauka upesi, hazinyonyoki ovyo, na hakuna mnyama anayeuawa. Hilo la mwisho ni zito, kwa sababu manyoya ya beja hutoka kwenye ngozi ya mnyama aliyekufa. Mteja akiniambia dhamiri yake haimruhusu, ninamfungia ya nyuzi kwa moyo mmoja.

Tukija kwenye matumizi, brashi mpya ioshe kwanza kwa sabuni, maana ina harufu ya mnyama. Harufu hiyo huisha baada ya kuosha mara chache, na vinywele vichache vitakavyodondoka mwanzoni visikutishe. Kila unaponyoa, ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka yanaua manyoya na kulegeza gundi; brashi nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimechomoka zilipikwa hivyo. Ikung’ute kidogo, kisha zungusha ncha juu ya sabuni kwa nusu dakika hivi mpaka upate uji mzito. Hapo ndipo wengi wanaharakisha. Uji huo bado si povu. Ongeza maji matone machache, zungusha, ongeza tena, hadi liwe zito, linang’aa na halina mapovu makubwa. Povu kavu lililojaa hewa linaonekana jingi, lakini wembe hauteleziki juu yake.

Usoni tumia ncha. Zungusha taratibu ili maji na povu vifike chini ya ndevu, malizia kwa kupaka huku na huku. Ukikandamiza mpaka manyoya yakapanuka kama mwavuli uliopinduka, yanakunjika pale pale yanapoingia kwenye gundi, na baada ya muda yale ya katikati ya brashi yanakatika na kuacha shimo. Shimo hilo nimeliona kwenye brashi za bei kubwa kabisa. Kwa mwenye ndevu za kipilipili, brashi husaidia kulowesha na kuinua nywele zilizolala, ila ngozi ikiwa tayari ina vipele, usisugue, paka tu. Na brashi ni ya mtu mmoja, kama mswaki.

Usafi wa manyoya una historia ya kutisha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea, nyingi zikiwa za manyoya ya farasi yaliyotengenezwa yafanane na beja na ambayo hayakutakaswa ipasavyo. Siku hizi manyoya hutakaswa kabla ya kufungwa, lakini mwenye brashi ya kale ya miaka hiyo namshauri aiache kabatini.

Ukimaliza kunyoa, suuza hadi maji yatoke safi, kamua kwa kiganja bila kuvuta, kung’uta, kisha iache mahali penye hewa. Kuining’iniza au kuisimamisha ni sawa tu. Kuifungia ikiwa mbichi ndiko kunakoiozesha. Maji ya chumvichumvi huacha utando mweupe kwenye manyoya. Ukiuona, loweka ncha kwa dakika chache katika maji yenye siki kidogo, osha kwa shampuu, suuza sana. Na manyoya yakichoka kabisa, usitupe mpini: fungu la zamani huchimbwa likatolewa, tundu likasafishwa, jipya likabandikwa kwa gundi isiyopitisha maji na kuachwa usiku kucha likauke.