Je, wajua kwa nini mtaro uliopitishwa kwa bei moja hulipwa kwa bei nyingine?

Baraza la mji mdogo linakaa, linapitisha mkataba wa kulaza bomba la maji, na kiasi kinaandikwa kwenye muhtasari wa kikao hadi senti ya mwisho. Kazi inapoisha, madai yanafika mezani yakiwa yamekizidi kiasi kile kwa mbali, ingawa hakuna bei hata moja iliyobadilika. Wananchi husema kuna mtu amekula. Pengine ni kweli, lakini kabla ya kumtafuta mtu huyo, fungua ukurasa ambao madiwani wengi huupita haraka: jedwali la vipimo na gharama.

Mkataba wa aina hii haumlipi mkandarasi ile jumla iliyosomwa kikaoni. Humlipa kwa kipimo: kila mita ya ujazo aliyochimba, mara bei aliyoijaza mwenyewe. Vipimo vilivyomo kwenye hati za zabuni ni makadirio ya mhandisi tu, na jumla yake inasaidia kuwalinganisha wazabuni na kutenga fedha. Ndiyo maana mzabuni akikosea kuzidisha, kanuni ya kawaida ni kwamba bei ya kipimo kimoja hubaki na jumla ndiyo inayosahihishwa.

Chukua mtaro wenye urefu wa mita 1,000, upana wa mita 0.6 na kina cha mita 1.2. Hizo ni mita za ujazo 720. Mhandisi amekisia kwamba asilimia 10 ni mwamba: udongo 648, mwamba 72. Kwa bei za mfano, mzabuni wa kwanza anataka 10 kwa kila mita ya ujazo ya udongo na 50 kwa mwamba, jumla 10,080. Wa pili anataka 7 kwa udongo na 70 kwa mwamba, jumla 9,576. Wa pili anapewa kazi. Mtaro unafunguliwa, na mwamba unakutwa kuwa asilimia 40, yaani 288, huku udongo ukibaki 432. Mshindi analipwa 23,184. Yule aliyekosa angelipwa 18,720.

Je, mshindi amedanganya? Si lazima. Huenda alitembea njia nzima ya bomba, akaona mawe yaliyochomoza, akawauliza wachimba visima, akapanga bei zake kwa kujua ambacho mji wenyewe haukujua. Lawama kubwa ni ya aliyetangaza zabuni bila kuchungulia ardhini. Mashimo ya majaribio, kila baada ya mita 50 hadi 100, yakifika kina cha mtaro na kupita kidogo, ni kazi ya siku chache. Matokeo yake yaambatanishwe kwenye hati za zabuni ili kila mzabuni ayaone.

Kamati ya tathmini nayo ina hesabu moja ya kufanya kabla ya kupendekeza mshindi: mwamba ukiwa kiasi gani, nafasi ya kwanza na ya pili zinabadilishana? Katika mfano wetu ni takriban mita za ujazo 94, yaani asilimia 13 tu. Mzabuni wa pili ni nafuu ikiwa mwamba hautapita hapo. Ushindi unaoning'inia kwenye kosa dogo kiasi hicho la makadirio unapaswa kuelezwa wazi kwa madiwani, na mzabuni aombwe kuonyesha mchanganuo wa bei yake ya mwamba.

Usitegemee mkataba utakuokoa baadaye. Masharti ya mkataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999 kwa kazi za ujenzi, kwa mfano, yanaruhusu bei ya kipengele ipangwe upya kipimo kikibadilika kwa zaidi ya asilimia 10, lakini yapo masharti mengine yanayokwenda pamoja na hilo, likiwemo kwamba mabadiliko hayo yawe yameigeuza gharama ya kipimo kimoja kwa zaidi ya asilimia 1. Kipimo kuongezeka hakutoshi.

Kuna pia tundu la malori. Udongo ukichimbwa huvimba, mara nyingi kwa robo hivi. Mita 720 za ardhini zinaweza kuwa 900 juu ya malori, na mji unaohesabu malori utalipia hewa. Hati ziseme kwamba kipimo ni cha ardhini, kwa upana na kina cha mchoro. Mkandarasi akipanua mtaro kwa urahisi wa mashine yake, ziada ni yake. Na zieleze mwamba ni nini: kile ambacho ndoo ya mashine ya uzito uliotajwa haiwezi kukichimba bila nyundo au baruti. Bila hivyo, mwamba uliooza utaitwa udongo na mmoja na mwamba na mwingine, kila siku.

Azimio la baraza liwe na namba mbili: bei ya mkataba, na ukomo unaojumuisha tengeo la dharura. Asilimia 5 hadi 10 ni kawaida, lakini kwa ardhi isiyopimwa ni kujidanganya. Litaje pia ni nani anaidhinisha nyongeza kati ya vikao na hadi kiasi gani. Baraza likikutana mara moja kwa mwezi na kila nyongeza ikalisubiri, mashine husimama na mkandarasi hudai fidia ya kusimama. Na anayeidhinisha akiwekewa kikomo cha kila nyongeza bila kikomo cha jumla yake, nyongeza moja kubwa hukatwa vipande vidogo vinavyopita chini ya kikomo hicho.

Mwamba upimwe siku hiyohiyo mtaro ukiwa wazi, na msimamizi wa mji na wa mkandarasi watie saini karatasi moja inayoonyesha ulianzia wapi, uliishia wapi na ulikuwa na kina gani. Bomba likishafukiwa, ubishi huo hauna dawa isipokuwa kufukua tena.